Walisimama Kwenye Jiwe

Siku ya kuniaga mlinipa kipaza sauti mkaniomba niwaachie wapima ardhi wadogo neno la hekima. Nilisema asanteni, nikasifu pilau, nikakaa. Wengine mlidhani nimezidiwa na machozi. Haikuwa hivyo. Nilikuwa nimelitafuta neno hilo tangu asubuhi navaa, nikalikosa, na mbele ya keki iliyoandikwa jina langu kwa makosa sikuona sababu ya kutunga la uongo. Sasa nipo nyumbani Turwa, mahindi ya ubavuni mwa nyumba yameanza kubeba, na hakuna dereva anayenipigia honi nje. Nitawaandikia ninachokijua, ingawa si hekima na sidhani kitawafurahisha.

Vyeo na mishahara nitaviruka. Hayo mnayajua vizuri kuliko mimi, maana ndiyo mazungumzo yenu kuanzia chai ya saa nne mpaka jioni.

Nilifika Tarime nikiwa binti, nikitokea kwetu Kondoa, na sanduku la nguo nyepesi kwa sababu mtu alinidanganya kuwa Mara yote ni joto la ziwani. Usiku wa kwanza nililala na koti la mvua. Asubuhi nilikuta watu wawili nje ya geti la ofisi wakizungumza kwa sauti ambayo kwetu ingemtoa mwenyekiti wa kijiji ndani. Nikamuuliza mlinzi wanagombea nini. Akacheka. "Wanasalimiana, dada. Wakigombana utajua tu, watakuwa kimya." Nililichukulia kama utani wa kumpokea mgeni.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Deo, Mhaya wa Bukoba aliyeng'arisha viatu vyake vya porini kila asubuhi ingawa sote tulijua kabla ya saa nne vitakuwa tope. Siku hiyo ya kwanza alinifungulia sanduku la mbao lenye chombo cha kupimia pembe, kimelala ndani kwa adabu kama mtoto aliyeogeshwa. "Binti Kondoa," akasema, "hiki kitu hakijui kabila la mtu, hakijui dini yake, na hakili rushwa. Na wewe ukiwa hivyo hivyo utafika." Alinifundisha mambo ambayo mashine zenu za setilaiti zimewaondolea: kuituliza miguu mitatu ya chombo kwenye mteremko, kungoja povu la hewa likae katikati ya duara bila kulikimbiza, kutoegemea chombo hata ukichoka, na kusoma namba kwa sauti ili anayeandika asikie na anayebisha asikie pia. Zaidi ya yote alinifundisha kufunga kazi. Unaanza kwenye alama inayojulikana, unazunguka eneo lote, unarudi pale pale ulipoanzia. Hesabu zikikurudisha bila kupishana, kazi imefunga. Ikifunga, alisema, kunja vyombo uende nyumbani. Watu wanagombana kwa sababu hawajui mpaka uko wapi. Waonyeshe, wataacha.

Nilimwamini, na kwa muda mrefu kazi yenyewe ilinipa sababu ya kumwamini. Hapa hapa Turwa nilipima ugomvi wa mwalimu na muuguzi, majirani waliokuwa hawasemeshani kwa ajili ya ua wa michongoma. Asubuhi moja ilitosha. Muuguzi akakuta ni yeye aliyeingia kwa jirani yake kama hatua moja hivi, akacheka, akamwita kijana aung'oe ua, kisha akatupikia chai sote watatu. Nilirudi ofisini naona kazi yangu ni bora kuliko ya hakimu na ya shehe. Sikutilia maanani kwamba wale wawili walikuwa watumishi wa kuhamishwa kama mimi, mmoja wa Mbeya na mwingine wa Tanga, na hakuna kati yao aliyekuwa amezika mtu katika ardhi ile.

Sirari nako nilikwenda sana. Kule kulikuwa na wakala mmoja wa forodha, kiwanja chake kilielekea mpakani kabisa, akaniita kando ya jiwe la mpaka. "Madam, hii bikoni si unaeza isongesha kidogo tu? Jirani hata hataona." Nikamwambia jirani yake ni nchi nyingine. "Sasa hao ndio hawataona kabisa," akasema, na mpaka leo sijui kama alikuwa anatania. Kwa wachimbaji wadogo wa Nyakunguru ilikuwa kazi nyingine, maana wao hugombana juu ya kilicho chini ya ardhi na mimi nilikuwa nimefundishwa kupima juu tu. Huko nilitukanwa kwa lugha ambazo sikuzielewa, nikashukuru.

Miaka yote hiyo nilikuwa na Chacha. Kwenye karatasi za ofisi aliitwa mshika mnyororo, ingawa mnyororo wenyewe wa kupimia ulishatundikwa stoo. Kazi yake ilikuwa kubeba fimbo yenye kioo, kufyeka njia, kuchanganya zege ya mawe ya mipaka na kunitafsiria Kikurya pale wazee walipoamua ghafla kuwa Kiswahili kimewaishia. Alikuwa mtu mzima mwenye watoto, mrefu, mcheshi, na alipenda mambo yaliyonyooka. Mke wake alilalamika kwangu kuwa mumewe anapanda mahindi kwa kamba, na asubuhi hapewi mtu chai mpaka mistari ikubali. Alikuwa na dada mmoja tu, Bhoke. Na mume wa Bhoke, Samweli, alikuwa rafiki wa Chacha tangu shule ya msingi. Ni Chacha mwenyewe aliyemleta nyumbani kwao na kumsimamia mpaka akakubaliwa. Tukipita maeneo yale Bhoke alitutunzia maziwa ya mgando na kiporo cha ugali wa mtama, na mimi aliniita wifi kwa utani, ingawa Chacha alikuwa na mke na mimi nilikuwa na mume.

Chacha alizaliwa katika kijiji ambacho nitakiita cha Juu. Bhoke aliolewa katika kijiji nitakachokiita cha Bondeni, ukoo mwingine. Majina yao halisi mnayajua, sina haja ya kuyaandika. Vyote viko upande ule mkavu, unapokaribia Serengeti, na kati yao palikuwa na ardhi yenye kisima cha kunyweshea na udongo wa chumvi ambao ng'ombe wanaulamba. Paliitwa Katikati tu. Ukiwauliza wazee ni pa nani walikujibu kuwa ni pa ng'ombe.

Lazima niwaeleze kwanza sheria ya nyayo, maana ninyi mliosomea vyuoni hamkufundishwa. Ng'ombe wakiibwa, yowe linapigwa, na kila mwanaume anayelisikia anatoka na silaha yake kufuata nyayo. Zikiingia katika kijiji chenu, ni juu yenu kuonyesha zilikotokea kwenda mbele. Mkishindwa, mtalipa kama vile mmeiba ninyi. Ni sheria kali na ina akili. Lakini nyayo zikipotelea Katikati, hakuna aliyejua alipe nani, kwa hiyo wazee wa pande zote mbili walikaa siku nzima wakisutana, kisha kila upande ukatoa kidogo, wote wakaondoka wananung'unika. Ofisini tuliita hali ile utata wa mipaka.

Ardhi ilipokuwa finyu watu walianza kulima Katikati. Mahindi yakafyekwa usiku, nyumba zikachomwa mchana, mishale ikarushwa. Wilaya ikasema pawekwe mpaka, na kazi nikapewa mimi. Mzee Deo alishastaafu, karudi Bukoba kwenye migomba yake, lakini niliifanya kazi ile kama vile amesimama nyuma yangu. Sikupanda jiwe hata moja kwa amri. Niliwaita wazee wa pande zote, wakiongozwa na Mzee Nyamhanga wa Juu na Mzee Marwa wa Bondeni, tukatembea nao hatua kwa hatua, na kila hatua niliuliza.

"Mnakubali kuwa hiki ndicho kijito walichokitaja babu zenu?"

"Tunakubali."

"Na lile jabali ndilo lililoko kwenye ramani ya zamani?"

"Ndilo."

"Na mnakubali kuwa kati ya jabali na kijito babu zenu hawakukunja kona?"

Walinong'ona, wakabishana kidogo, wakakubali.

"Basi wazee wangu, mpaka hauna pa kupita isipokuwa hapa."

Mzee Marwa aliuangalia mstari wa majani yaliyofyekwa, akatikisa kichwa. "Huyu mama katufunga kamba kidogo kidogo kama ndama," akasema, "na kila fundo tumemshikia wenyewe." Wote walicheka, wa Juu na wa Bondeni. Nilizunguka eneo lote nikarudi nilipoanzia, na kazi ikafunga vizuri kuliko kazi yoyote niliyowahi kuifanya.

Mawe yalipokauka alichinjwa mbuzi, na wazee wakakubaliana kuwa hakuna mtu wa upande wowote atakayevuka mpaka na silaha. Chacha alisimama kando ya jiwe la kisimani, zege yake mwenyewe, akawaambia vijana wa pande zote mbili, "Mura, ubishi umeisha leo. Huku kwetu, kule kwenu. Mtu akitaka kugombana atafute kitu kingine." Samweli alimrushia mfupa, akamwita mheshimiwa. Na kweli pakatulia. Mavuno yakaja na kwenda bila nyumba kuchomwa. Walikuja wageni wa wilaya nyingine kuangalia mawe yetu, na mimi nikapelekwa Musoma kwenye semina kuwaeleza wenzangu jinsi ilivyofanyika. Niliwaeleza kwa picha.

Asubuhi moja ya ukungu, Chacha akiwa kwao kwa mapumziko, yowe likapigwa Bondeni. Ng'ombe wa baba yake Samweli walikuwa wametolewa zizini. Yaliyofuata nilisimuliwa na Chacha mwenyewe, mara moja tu, tukiwa tumekaa ndani ya gari la ofisi, na baadaye na wengine, na hawakupishana hata kidogo. Vijana wa Juu walitoka mbio na pinde na mapanga, kama walivyofanya siku zote, wakashuka hadi kisimani. Pale Chacha akanyoosha mikono akawazuia.

"Simameni hapa. Mbele ni kwao. Tukiingia na silaha kwenye ukungu huu watajua wezi ni sisi."

Wakasimama kwenye jiwe. Huko mbele, Samweli alikuwa amewapita mbio watu wake akawafikia wezi peke yake kwenye korongo. Waliisikia sauti yake vizuri. Alikuwa anamwita shemeji yake kwa jina. "Chacha! Wako hapa! Njoo!"

Chacha akamjibu, "Wasukumie huku! Wasukumie huku kwetu, tupo!"

Samweli akaita tena, kisha hakuita. Watu wa Bondeni walimkuta na jeraha la panga shingoni. Walimpakia kwenye bodaboda, akafia njiani. Wezi walikatiza ardhi ya Juu mbali na kisima, wakavuka barabara na ng'ombe. Mpaka leo hawajajulikana.

Chacha hakuzika. Bondeni walituma mtu kumwambia kuwa wakimwona hawatajizuia. Siku ya mazishi alikaa chini upande wake wa jiwe tangu asubuhi, akasikiliza nyimbo za kanisa zikipanda kutoka nyumbani kwa dada yake, na walipomaliza akarudi kwake. Mke wake aliniambia kwa siku nyingi baada ya hapo alikuwa akikaa mezani na sahani mbele yake bila kuigusa.

Msiba ulipotulia, wilaya ilinituma niende na mashine, maana wazee walikuwa wamesema wanataka kupimiwa. Nilidhani ni nyayo. Njiani nilikuwa nimeshapanga maneno yangu yote. Nyayo ziliingia upande wa Juu, kwa hiyo Juu walipe. Lakini zilitoka tena ng'ambo ya barabara, kwa hiyo Juu wasilipe. Nilikusudia kupendekeza nusu. Sikupata nafasi ya kulisema, kwa sababu Mzee Nyamhanga alisimama kabla sijafungua sanduku akasema, "Sisi tutalipa ng'ombe zote. Hata leo jioni zitafika."

Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nikasema, basi wazee wangu, si yameisha?

Mzee Marwa alikuwa anachora chini kwa fimbo yake. "Hatuzitaki," akasema.

"Lakini mliniita kupima nyayo."

"Hatujakuita kwa ajili ya nyayo, mama. Tunataka utupimie kutoka kwenye jiwe lako mpaka pale alipoangukia mtoto wetu."

Nilitafuta neno la kukataa kwa adabu, sikuliona. Chacha hakuwepo kushika fimbo; aliishika afisa mtendaji, na ikabidi nimwombe aiegemeze begani. Namba ilipotokea niliisoma kwa sauti, kama nilivyofundishwa. Ni umbali ambao mama akimwita mtoto aje kula, mtoto anafika ugali ukiwa bado unatoa moshi. Mzee Marwa aliniomba niisome tena, nikaisoma tena. Hakuna aliyesema kitu, wa Juu wala wa Bondeni, na hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Nikaanza kufanya nilichokijua. Nikamuuliza Mzee Marwa, nikimwita baba kwa Kikurya, "Tata, kama vijana wa Juu wangevuka asubuhi ile, na ukungu ule, na mapanga mkononi, vijana wenu wangefanya nini?"

"Wangewapiga mishale."

"Wangekufa watu wengi zaidi?"

"Wengi."

"Na makubaliano yetu yalisema mtu wa Juu asivuke na silaha?"

"Yalisema hivyo. Mimi mwenyewe nilikubali."

"Kwa hiyo vijana hawa, kusimama kwao hapa, walikosea?"

Alilipima swali kwa haki kabisa. "Hawakukosea," akasema. "Walifanya sawa. Na hatutakula nao tena, wala kuoa kwao, wala kuwazika."

"Kwa nini sasa, mzee wangu, kama hawakukosea?"

"Kabla ya mawe walikuwa wanakuja."

"Kabla ya mawe mlikuwa mnauana."

"Ndiyo," akasema, kama mtu anayemwelewesha mgeni jambo jepesi. "Tulikuwa tunauana. Lakini yowe likipigwa walikuwa wanakuja."

Nilimtazama Mzee Nyamhanga anisaidie. Alikuwa ameinamisha kichwa, na usoni mwake niliona kuwa hata yeye, akiwa mahali pa mwenzake, angesema vile vile.

Jioni ile nilimpigia simu Mzee Deo Bukoba. Nilimweleza yote, na nilikuwa nalia, jambo ambalo sikuwahi kulifanya mbele yake. Alisikiliza mpaka mwisho. "Kazi ilifunga?" akaniuliza. Nikasema ilifunga. Nikasikia jogoo wake akiwika huko. "Basi," akasema, "mimi sina kingine." Alifariki mwaka uliofuata na sikuwahi kuzungumza naye tena jambo lile.

Nimeirudia kazi ile mara nyingi. Nilirudi na mashine mpya zilipoletwa, nikapima tena jiwe kwa jiwe, nikitafuta kosa. Ningelipata ningefarijika. Ningekwenda kwa wazee nikasema mstari ulipinda, Samweli aliangukia ardhi ya Juu, jiwe lilikuwa mahali pasipo pake, nihukumuni mimi. Hakuna kosa. Mawe yako pale yanapotakiwa kuwa, na kila aliyesimama kando yake alifanya lililo sawa.

Wengine nao walijaribu. Mchungaji aliwaita kanisani, wakaja, wakakaa pande mbili za jengo na njia ya katikati wakaiacha wazi. Wazee waliitisha ritongo, ule mkutano mkubwa wa kimila, na pale watu waliapa na kushikana mikono. Mimi sikuruhusiwa kuwepo, lakini Mzee Nyamhanga aliniambia mikono ilikuwa baridi. Msimu uliofuata waliibiwa watu wa Juu. Yowe likapigwa, na vijana wa Bondeni wakashuka na silaha zao hadi kwenye jiwe, wakasimama. Walipoulizwa walitaja makubaliano neno kwa neno. Wezi nao si wajinga. Siku hizi wanaswaga ng'ombe wakifuata mstari wenyewe, jiwe hadi jiwe, kwa sababu ndiyo njia pekee ambayo hakuna mtu wa kuwagusa. Ukipita pale utaona pamekanyagwa hadi pakawa barabara.

Chacha aliacha kazi. Hakutuaga, alileta buti za ofisi na koti la mvua, vimefuliwa, akamwachia mlinzi. Nilisikia yuko Nyakunguru, anachimba na kikundi cha wachimbaji wadogo. Nilimtembelea mara kadhaa. Tulizungumza kuhusu bei ya sembe na watoto wake. Dada yake hakumtaja, na mimi sikumtaja.

Mwaka huu, nikiwa nimebakiza muda mfupi nistaafu, alinipigia. Robi, mtoto wa kwanza wa Bhoke na marehemu Samweli, alikuwa amepata mchumba, na ng'ombe wa mahari walikuwa karibu kuletwa. Mnajua mjomba ni nani katika siku hiyo. Binti anayeondoka bila kaka wa mama yake kusimama pale anaondoka kama mtu aliyeokotwa, na huko aendako watamkumbusha kila akikosana na mume. Chacha alikuwa amemlea Robi begani kabla hajajua kutembea. "Mama Mpima, nenda wewe," akaniambia. "Mimi nikienda watanifukuza kabla sijasema. Wewe unajua kueleza. Mweleze kama ulivyokuwa unawaeleza wazee, taratibu, moja moja. Bhoke ana akili, ataelewa."

Nilikwenda. Bhoke alikuwa uani anapukuchua mahindi. Aliniita wifi, akaniletea kigoda, akaniletea maziwa ya mgando. Amezeeka kabla yangu ingawa ni mdogo kwangu. Nilieleza taratibu, moja moja. Kwamba kaka yake hakujua kama Samweli yuko peke yake. Kwamba ukungu ulikuwa mzito. Kwamba angevuka, huenda leo angekuwa na makaburi mawili ya kulilia, la mume na la kaka, na pengine wengine. Kwamba Robi hana kosa lolote. Kwamba Samweli mwenyewe, aliyempenda Chacha, angemtaka awepo.

Kila nilipotua alisema, "Ni kweli." Aliposema hivyo kwa hoja ya mwisho, nikasema, "Basi, mdogo wangu, mruhusu aje."

Aliendelea kupukuchua hadi gunzi likabaki tupu mkononi.

"Mimi nilikuwa mlangoni," akasema. "Nilimsikia mume wangu anaita. Nikamsikia kaka anamjibu. Wifi, nilifurahi mimi. Nikasema kaka yupo, amefika. Nikaingia ndani nikabandika maji ya chai yao."

Aliweka gunzi chini, akachukua hindi lingine.

"Mwambie simchukii. Mwambie alifanya sawa, hata kwa Mungu nitasema. Lakini asije hapa."

Nilimaliza maziwa kwa sababu kuyaacha kungekuwa kumkosea, nikaondoka.

Nilitoka pale moja kwa moja hadi Nyakunguru. Chacha alipandishwa kutoka shimoni, vumbi hadi kwenye kope, akakaa karibu yangu juu ya rundo la mawe. Hakusubiri hata nimsalimie.

"Ulimweleza yote?"

"Yote."

"Ya ukungu?"

"Alisema ni kweli."

"Na kwamba ningevuka wangekufa wengi?"

"Alisema ni kweli. Alikubali kila kitu, Chacha. Amesema hakuchukii, na kwamba ulifanya sawa."

Uso wake ulifunguka. Sikuwa nimeuona hivyo tangu siku ya yule mbuzi. Alijifuta mikono kwenye suruali, akavuta pumzi ndefu, akaniuliza sherehe ni lini, maana alikuwa ameweka ng'ombe wa kumzawadia Robi kwa rafiki yake na ingebidi amswage mapema asichoke njiani.

Ilibidi nimwambie.